Mama Zuhura Hageuki

Mwanangu, katika miaka yote niliyoishi huku Guangzhou, Uchina, siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo sikuwa Guangzhou. Nilikuwa Japani, ndani ya ngome ya kale, nimebeba viatu vyangu kwenye mfuko wa plastiki, na sikuwa naelewa kitu. Kila kijana akiniambia kwamba amegombana na watu wa nyumbani, akakata simu, na sasa anasubiri wao ndio wapige kwanza, mimi hurudi kwenye ngome ile.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya pili, nimejaa nadharia na njaa. Nadharia hazikuwa na dawa. Njaa niliitibu kwa ukalimani, kwa kuwasindikiza wafanyabiashara wetu masokoni. Aliyenipa kazi mara nyingi zaidi alikuwa Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, mwanamke wa baibui jeusi, raba nyeupe na maneno machache.

Ungemwona pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa! Alishika kitambaa, akakisugua kati ya vidole, akataja bei yake mara moja. Mwenye duka akikataa, Mama Zuhura alisema, "Basi," akaondoka. Mimi nilifuata. Sharti lilikuwa moja tu, usigeuke nyuma. Siku yangu ya kwanza niligeuka, nikamwona mwenye duka anatabasamu, na hapohapo nikafinywa mkono mpaka machozi yakanilenga.

"Msomi, umeniuza," aliniambia. "Ukigeuka anajua tunakitaka."

Toka siku hiyo nilitembea kama mtu mwenye shingo ya mbao. Na kweli, kabla hatujafika kwenye kona tulisikia tunaitwa, "Mama! Rafiki! Njoo, njoo!" Aliitwa kila mara. Nilianza kuamini kwamba dunia nzima iko hivyo, kwamba ukiondoka vizuri utaitwa.

Sasa, huyo Zuhura mwenyewe, mwanawe wa pekee, alikuwa amemaliza masomo yake Japani na kupata kazi hukohuko. Mama yake alitaka arudi Dar ashike duka, maana miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba na hakuwa na mwingine wa kumwachia. Walibishana kwa simu mpaka ikafika mahali wanasalimiana tu na kukata. Ndipo Mama Zuhura, mzigo wake ulipokwishafika bandarini Huangpu, akaamua kumfuata, na akanibeba na mimi.

"Mama, mimi sijui Kijapani," nilimwambia.

"Si wanaandika kama Wachina?"

"Baadhi ya maandishi yanafanana, lakini..."

"Basi utasoma hayo yanayofanana."

Ndivyo nilivyopata kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya, ukalimani kati ya watu wawili wanaozungumza lugha moja. Na sikumwelewa hata mmoja wao.

Zuhura alitupokea vizuri, akambusu mama yake mkono, kisha akatupeleka kuona ngome ya mji ule. Nadhani alitaka mahali penye watu, ili wasipigiane kelele. Ilikuwa ngome nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, paa zake zimepinda pembeni kama ukingo wa kofia. Mlangoni tulivua viatu kama tunaingia msikitini, jambo lililompendeza Mama Zuhura, kisha tukapewa mifuko ya plastiki tuvibebe mkononi, jambo lililomchukiza. Ndani mlikuwa na ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia darini. Mama alipanda akishikilia mguu wake, binti akimsukuma kwa nyuma, na mimi nikiwaeleza habari za mabwana wa vita, ambazo hakuna aliyeniuliza. Kule juu kabisa palikuwa hapana kitu. Tulichungulia dirishani, tukaona paa za nyumba, tukashuka.

Tulikuwa chini, tunavaa viatu, wakati Mama alipofungua biashara.

"Zuhura. Tunarudi wote, au siyo wote?"

"Mama, nilishakwambia. Nabaki."

"Nimetoka mbali."

"Najua, Mama. Na mimi nimefurahi umekuja. Lakini nabaki."

"Basi," alisema Mama Zuhura, akakusanya baibui lake, akaondoka.

Mwanangu, miguu yangu iliitii ile "basi" kabla akili haijaulizwa. Nilijikuta nyuma yake, shingo ya mbao, nikisikiliza. Tulipita lango la kwanza.

"Ananiita?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado, Mama."

"Usigeuke."

"Sijageuka."

Tulikata kona, tukapita kati ya kuta mbili za mawe, tukashuka, kisha njia ikatupandisha tena bila kutueleza sababu. Mnara ule mweupe tuliouacha nyuma ukatokea mkono wa kulia. Tukapita lango jingine, ukawa mbele yetu. Baadaye nilisoma kwamba njia za pale zilijengwa hivyo makusudi, ili adui akidhani anaukaribia mnara awe anauacha, na akidhani anaukimbia awe anaurudia. Wakati ule sikujua. Nilidhani ni njaa.

"Anakuja?"

"Sisikii hatua, Mama."

"Huyu mtoto," alisema, akasimama kupumzisha mguu, "huyu mtoto ana nini?" Kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Zuhura hajui afanye nini. Zhongda pangekuwa na duka la pili, la tatu, lenye kitambaa kilekile. Hapa kulikuwa na Zuhura mmoja tu. Hakuweza kurudi, maana angekuwa amegeuka. Hakuweza kuendelea, maana kila hatua ilikuwa inamwacha mwanawe kweli. Aliniangalia mimi, msomi. Mimi nikaangalia kibao cha maelekezo kana kwamba nakisoma.

Tukaendelea, maana hatukujua la kufanya zaidi. Lango la mwisho likatutema bustanini, na pale, kwenye benchi, alikuwa amekaa Zuhura, na chupa tatu za chai ubavuni.

"Njia zote za kushuka zinatokea hapa," alisema. "Karibu, Mama."

Mama alisimama. "Hukuniita."

"Mama, nimelelewa chini ya meza yako ya kukatia vitambaa. Si wewe uliyenifundisha kwamba anayeita amekubali bei? Ningekuita ungejua narudi. Sirudi. Lakini sikuondoka, nimekaa hapa nakungoja." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka, ulikuwa unamfuata kwenda wapi?"

"Sijui," nilimjibu, na huo ndio ulikuwa ukalimani wangu wa kweli pekee siku ile.

Mama Zuhura alikaa. Mbele yetu palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe nyeupe, umechorwa mistari kwa reki, laini, bila unyayo hata mmoja. Aliunyooshea kidole.

"Nani anafagia hapa?"

"Wazee fulani. Asubuhi, kabla ya wageni."

"Kama uwanja wa bibi yako." Akanywa chai, akakunja uso kwa kukosa sukari. "Hiyo kazi yako yenyewe ni ya nini?"

Zuhura akaanza kueleza. Ndipo nilipogundua kwamba katika ugomvi wote ule, swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa.

Siku ya kuondoka, Zuhura alitusindikiza uwanja wa ndege, akabaki upande wake wa kizuizi. Mama Zuhura alitangulia, mimi nikafuata, shingo ya mbao. Mara nikagongana naye uso kwa uso. Alikuwa amesimama na kugeuka.

"Zuhura!" aliita, watu wote wakatazama. "Zuhura! Ule vizuri, mama!"

"Mama," nilimnong'oneza, "umegeuka."

"Nyamaza," alisema. "Beba begi."

Mpaka leo sijui nani alishinda. Duka lile sijui litashikwa na nani, na sijui kama binti alikuwa na haki zaidi ya mama mwenye miguu inayovimba. Usiniulize, nimesoma sana na sijui. Ninachokijua ni kidogo, nacho nakupa. Kuondoka ili uitwe ni ufundi mzuri wa sokoni, uache hukohuko sokoni. Kwa watu wako, anayeita kwanza hajapunguza bei ya chochote. Ukishindwa kukubaliana nao, kaa mahali watakapokuona. Na kabla ya kukataa, uliza swali ambalo hujauliza. Hiyo simu uliyoikata, ipige wewe.

Mola akulindie walio wako, mwanangu, akupe ulimi mwepesi wa kuwaita. Na siku itakapokulazimu kuondoka, akujaalie shingo inayogeuka, na nyuma yako awepo wa kupungiwa mkono.