Kisamvu cha Bi Mwanahawa

Mimi na Mwanahawa ni watani wa kuzaliwa. Mama yake ni dada wa baba yangu, na kwetu Kibiti mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hawajuliani hali bila kutukanana kwanza. Tangu tuko watoto yeye ananiita ngedere, nami namwita jini la jikoni. Mgeni akitusikia hudhani tuna kesi ya shamba. Mke wangu mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa yetu, alitaka kuja kutupatanisha.

Mwanahawa ni mpishi wa shughuli. Ukifanya arusi Kibiti bila yeye kushika upawa, watu watakula, watashukuru, halafu watakusema mwaka mzima. Pilau wako wanaompita, hilo nalisema hata mbele yake. Lakini kisamvu! Kakitwanga, kakichemsha mpaka kimelainika, kakitia tui zito la kwanza na la pili kila moja kwa wakati wake, basi hata shehe aliyekuja kufungisha ndoa tu hukumbuka ghafla kwamba hana haraka.

Moyo wake ulianza vituko mwaka jana. Alikuwa kinuni, mchi uko juu, akausikia unarukaruka kifuani kama samaki aliyetiwa kwenye tenga akiwa hai. Akakaa chini, ukatulia. Akainuka, ukaanza tena. Yeye akasema ni upepo. Akasomewa, akanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, akarudi kinuni. Siku alipoanguka kwenye arusi ya watu ndipo tulipombeba kumpeleka hospitali, naye njiani anauliza nani amebaki anakoroga.

Kutoka Kibiti wakamwandikia aende Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa yenye kliniki ya moyo. Mwanawe, Twalibu, anaishi huko na kazi yake haimpi nafasi, kwa hiyo msindikizaji nikawa mimi. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani haidai ruhusa.

Daktari alikuwa kijana mmoja mpole aitwaye Haidari. Alimweleza taratibu. Vyumba vya juu vya moyo wake, badala ya kukaza na kulegea kwa mpango, vinatetemeka tu. Damu ikikaa humo bila kusukumwa vizuri huganda, na bonge dogo la damu likitoka humo likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Akampa dawa ya kupunguza kasi ya moyo na dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Halafu akasema wanaweza kujaribu kumrudishia mapigo yake kwa shoti ya umeme, akiwa amelazwa usingizi. Ila kabla ya hapo kipimo cha kuganda kwa damu kikae mahali pake wiki kadhaa mfululizo, bila kupanda wala kushuka. Kisipokaa, hiyo shoti yenyewe inaweza kulitoa bonge mafichoni na kulipeleka kichwani.

"Na umeme ukishindwa?" Mwanahawa akauliza.

"Kuna njia nyingine, mama. Tunapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka ndani ya moyo, tunachoma pale panapoleta fujo."

"Mje mjifunze kwangu kuchoma," akasema, nasi tukacheka. Lakini niliiona mikono yake. Aliificha ndani ya kanga.

Najua alichokuwa akikiona. Dada yake mkubwa, marehemu Rukaya, alipigwa kiharusi akalala miaka upande mmoja umekufa, hawezi kutamka hata jina lake. Mwanahawa ndiye aliyemlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Tulipotoka kliniki aliniambia, bila tusi hata moja, "Mie sitaki kulishwa, Saadi. Chochote, lakini si kulishwa."

Sasa, daktari alikuwa amemwambia jambo moja la chakula. Majani ya kijani, kisamvu, matembele, mchicha, yana kitu kinachopingana na hiyo dawa ya damu. Asiyaache. Ale kiasi kilekile kila siku, ili wao wapime dawa kulingana na kiasi hicho. Maneno mepesi kabisa. Ila Mwanahawa ana ucha Mungu wake: kitu alichokitaja daktari huku amekunja uso, yeye huona ni heri akiharamishe chote apate thawabu kamili. Akatangaza mtaa mzima kwamba kisamvu amekiacha. Nyumbani kwake kukawa wali, samaki na boga la kuchemsha. Chumvi akapunguza, kahawa akaikata, na kila aliyepita mlangoni akahadithiwa.

Twalibu naye, kwa mapenzi yake, akaleta makopo kutoka Dar. Vidonge vya madini, na vidonge vikubwa vya njano vya mafuta ya samaki, ati vinalinda moyo. Jamani! Mwanamke amezaliwa Maparoni, katikati ya delta, mahali ambapo hata paka huchagua samaki, leo anameza samaki wa kwenye kopo aliyesafiri kwa ndege! Nilimcheka mpaka nikadunga kidole na sindano. Akaniambia ngedere hajui thamani ya kitu kisichoota mtini.

Basi tukaanza safari za kupima. Safari ya kwanza, damu imekuwa nyepesi mno, na fizi zinatoka damu akipiga mswaki. Dawa ikapunguzwa. Safari iliyofuata, imekuwa nzito, dawa haifanyi kazi. Ikaongezwa. Ikawa nyepesi tena. Shoti ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila mara Daktari Haidari anauliza, "Mama, majani unakula?" Na kila mara Mwanahawa anaapa hajala jani tangu siku alipoambiwa, na anaapa kwa jina la Mungu, na mimi niliyekaa pembeni nilijua kwamba hasemi uongo. Yule ana mengi, uongo hana.

Mpunga ulikuwa umevunwa, na mpunga ukishaingia ndani huku kwetu ni arusi juu ya arusi. Ijumaa moja nikaenda Dimani kupeleka kanzu ya bwana arusi, nikapita uani jikoni kutafuta maji ya kunywa. Mwanahawa hakuniona. Alikuwa juu ya masufuria ya kisamvu. Akachota kwa upawa, akamimina kiganjani, akalamba. Akatafakari. Akatia chumvi. Akachota, akamimina, akalamba. Akahamia sufuria ya pili. Akarudi ya kwanza kuhakikisha. Tui lilipoingia akaanza upya kote. Kufikia wakati masufuria yanateremshwa yule mwanamke alikuwa amekula kisamvu cha kumtosha mkulima wa bonde la Mkongo, na wala hajakaa kwenye mkeka.

Nikamvuta Mwanaheri, msaidizi wake. "Huyu anakula!"

"Shii! Anaonja," akaninong'oneza. "Bi Mwanahawa hali kwenye shughuli. Hajapata kula hata siku moja."

Na kweli, hilo ni fahari yake. Chakula kikipakuliwa, yeye hukaa pembeni na glasi ya maji, na watu husema tazama mpishi wa heshima yule, hagusi. Kwa wapishi wetu kuonja ni kazi, si kula, tena katika Ramadhani huonja kwa ncha ya ulimi na saumu yao iko palepale. Ukimwambia mpishi wa shughuli kwamba anakula sufuriani, umemwita mdokozi, na mpishi akishaitwa mdokozi hakuna atakayemwita tena kupika. Wanawake wote wa jikoni walikuwa wanaona. Walikuwa wanatazama masufuria yao. Nani amwambie mtu mzima vile? Mtani tu ndiye anayeweza, na mtani wake ni mimi.

Kwa hiyo safari iliyofuata, Daktari Haidari alipouliza swali lake na Mwanahawa akaapa kiapo chake, nikadakia.

"Daktari, huyu kisamvu hali. Anakilamba. Ijumaa hii amelamba masufuria ya arusi nzima, na wiki mbili nyuma arusi nyingine. Ulimi wake ungekuwa na miguu ungeshakimbia."

Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Alitazama sakafu.

Daktari hakucheka. Aliangalia vipimo vyake vya nyuma, akasogeza kiti karibu na Mwanahawa. "Nyumbani huli majani kabisa, sivyo? Halafu siku za shughuli unaonja sana. Ndiyo maana, mama. Mwili wako siku nyingi hauna majani, mara unapata mengi kwa siku moja. Mimi nawinda kitu kinachohama. Sijakukataza kisamvu. Kula nyumbani, kibakuli kilekile, kila siku. Kwenye shughuli aonje mwingine."

Mwanahawa akajibu kwa sauti ndogo, "Aonje mwingine."

Kisha akaulizwa kama kuna kingine anachomeza, akatoa makopo ya Twalibu kwenye mkoba. Daktari akayasoma. Ya madini akasema hayahitaji, damu yake ina ya kutosha. Yale ya njano akamwomba aache: yanaweza kuizidishia wepesi damu iliyokwisha kupewa dawa, na kwa kiasi kikubwa yanaweza hata kuchochea mapigo hayohayo tunayoyakimbia. Samaki wa kawaida wa Maparoni, akasema, ale. Siku nyingine ningecheka mpaka Mbagala. Siku ile sikuthubutu.

Njia nzima ya kurudi Mwanahawa hakunena nami. Nilimwita jini la jikoni tulipofika Mkuranga, akageuza uso dirishani. Nikamtukana tena Bungu, kwa nguvu zaidi, abiria wakanitazama mimi. Watani wakinyamaziana kuna msiba. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu nimeharibu, na asiseme ni utani tu, maana nilijua pale nilipomchoma ni pale hasa panapouma.

Wiki zikapita. Habari zake nilizipata kwa Mwanaheri. Kila mchana anakula kibakuli chake cha kisamvu, kilekile, hajazi wala hapunguzi. Arusi hajaacha, lakini sasa anakaa juu ya kigoda mikono imefungwa, na Mwanaheri ndiye anayeonja. Arusi ya kwanza chumvi ilizidi. Watu walisema, na walisema kwa sauti. Mwanahawa alisikia yote, akainuka akaenda kwa mama wa bwana arusi, akamwambia, "Nimekatazwa kuonja, nina maradhi ya moyo. Nisameheni, tutajifunza." Mwanamke yule, mbele ya wageni! Mwanaheri alinihadithia huku analia, nami nikaishona suruali ya mtu mguu mmoja ndani nje.

Na kipimo kikakaa. Kikakaa tena. Siku ya shoti ikapangwa, na Twalibu akanipigia simu. "Mjomba, mama amesema uje."

Nilimkuta amelala kitandani na shuka la hospitali mpaka kidevuni. Alivua bangili zake akaninyooshea mimi nizishike, hakumpa Twalibu, kisha wakamsukuma ndani. Nilikaa nje nikasoma kila sura ninayoijua na nyingine nikaichanganya. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: asilishwe.

Haikuchukua muda mrefu. Daktari Haidari akatoka anatabasamu, akasema moyo umeshika mpango wake, unapiga kama inavyopaswa. Unaweza kuasi tena siku za mbele, tusijidanganye, na dawa ya damu ataendelea nayo, lakini leo umetii. Tukaingizwa mimi na Twalibu. Alikuwa bado na usingizi wa ile nusu kaputi. Akafungua macho, akanitafuta, akanishika mkono.

"Ndugu yangu Saadi," akasema taratibu, kwa upole. "Ahsante. Mungu akuweke."

Miaka sitini na kitu, hajapata kuniambia neno kama lile!

"Daktari!" nikapiga kelele. "Daktari, njoo! Bonge limepanda kichwani! Ananishukuru!"

Manesi wakaja mbio, daktari nyuma yao. Akamwinamia. "Mama, tabasamu." Akatabasamu, mdomo sawa pande zote. "Inua mikono yote miwili." Ikapanda pamoja, ikakaa juu, hakuna uliodondoka. "Niambie, huyu bwana ni nani?"

Mwanahawa aligeuza kichwa kunielekea.

"Huyu ni ngedere," akasema, kila herufi mahali pake. "Nilikuwa nimejitayarisha kumshukuru tangu jana. Sasa basi. Hiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni, bangili zake zimenibana vidoleni, nikalia mbele ya watu wote bila kujificha. Naye akawa anawaeleza manesi kwamba wasishangae, watu wa upande wa mama yake ndivyo walivyo.