Gari la Mikate Lililopakiwa kama Ngamia

Tulilikuta limejaa mbuzi. Lilikuwa limezama mchangani nyuma ya tanuri la mikate lililofungwa zamani, hapa hapa Garissa, na mwenye mbuzi alitutazama mimi na Salat kama watu waliokuja kununua moshi. Ubavuni bado ulionekana mkate uliochorwa kwa rangi nyekundu, na mistari mitatu ya mvuke juu yake. Salat akafungua mlango wa nyuma. Harufu ya mbuzi ikatoka kwanza. Kisha, ukitaka amini, usipotaka acha, nyuma yake ikaja harufu ya mkate. Miaka yote ile, kwenye mbao za rafu.

Salat akavua kofia. "Bado liko hai," akasema.

Mimi ni mnyoosha bodi za magari. Nilikuja Garissa kutoka Mwingi nikiwa kijana, na mpaka leo watu wa hapa huniita Mkamba kana kwamba tuko mmoja tu duniani. Nililitazama lile gari la Waingereza wa kale, lenye pua ya mviringo na macho makubwa, nikaona kutu.

Ngoja kwanza nikujulishe Salat, maana huenda umepita mara nyingi mbele ya kibanda chake Bulla Iftin bila kumtia maanani. Ni mtu mwembamba, asiyependa kelele, na kazi yake ni injini za kuvutia maji. Huigusisha injini ncha ya bisibisi, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Akifumbua, anajua. Injini za visima virefu hufia kiangazi, kwa sababu kiangazi ndipo hazipewi pumziko. Ikifa moja huko porini, hufunguliwa, ikangojea lori, ikaletwa mjini kwa Salat, ikangojea lori jingine la kuirudisha.

Basi kiangazi kile kibaya ililetwa injini ya Garas Yare, kisima kilicho ndani porini mbele ya Modogashe. Salat aliitengeneza chai yake ikiwa bado ya moto. Lakini njia ni njia. Iliporudi na maji yakatoka, yaliwakuta ngamia wamelala wasioamka. Wengi wao walikuwa wa Amino, mdogo wa marehemu mama yake, yule anayemwita habaryar, aliyemlea. Ngamia majike wachache waliosalia aliachiwa mwanawe Mahat awachunge, na Amino akaja mjini kukaa kwa Salat.

Hakuna aliyemlaumu Salat. Hilo ndilo lililomla. Siku moja tukinywa chai akaniambia, "Mkamba, mfugaji huyafuata malisho. Hata nyumba yetu humfuata ngamia, inafungwa mgongoni mwake inakwenda. Mbona injini pekee ndiyo inifuate mimi?"

Ndivyo tulivyofika kwenye gari la mbuzi.

Tulilivuta mpaka kibandani. Mimi nilikata mabati yaliyooza na kugonga mapya, nikainyoosha ile pua mpaka ikarudi mviringo wake. Salat aliifungua injini yote, akaipanga juu ya mkeka, kila bolti mahali pake. Vipuri visivyopatikana tena duniani alivichonga mwenyewe. Abshir, dereva wa lori, alikuwa akipita kila akitoka Liboi, anapunguza mwendo.

"Salat, hilo ni gari au kaburi lenye magurudumu?"

"Njoo ulale ndani, utujulishe," Salat anajibu bila kuinua kichwa.

Amino alikuwa akija alasiri na chupa ya chai ya maziwa, anaketi juu ya kigoda chake, anatazama. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, chake na changu; chake kiligeuza kila p kuwa b. Nilipotaka kuupaka rangi ule mkate alininyang'anya brashi.

"Wacha mkate. Mtu wa bori akiona gari inakuja na mkate, ataogoba? Hataogoba."

Mkate ukabaki.

Siku ya kupakia vifaa, Salat alivipanga kama vilivyokaa kibandani. Ukuta wa kulia akaweka vyote: benchi, jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchomelea, jenereta. Kushoto akaacha wazi mahali pa kusimama. Jeki na kamba zikaingia chini kabisa, kwani nani huzitazama? Nilisimama mlangoni nikaona karakana nzima ndani ya gari la mikate, nikajisikia kama mtu aliyechungulia ndani ya saa. Amino alilizunguka lile gari, akainama, akachungulia chini.

"Nani amebakia hii ngamia?"

Tukacheka. Yeye hakucheka, wala hakuongeza neno. Sikujua wakati ule kwamba kwao kupakia ngamia ni kazi ya wanawake. Mwanamke hafundishi kazi hiyo pasipo kuulizwa, na mwanamume haulizi. Salat alijua, lakini alikuwa anaona gari, si ngamia.

Kisha Mahat akapiga simu. Injini ya Garas Yare imezima tena, na mifugo imeshafika kutoka pande zote, haina nguvu ya kwenda kisima kingine. Salat akauliza, "Wa habaryar wapo?" Mahat akasema wapo hapo hapo birikani, wamesimama.

Tulipotoka kufunga milango, Amino alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, amejifunga mtandio.

"Habaryar, njia ni mbaya," Salat akamwambia.

"Ngamia ni zangu. Endesha."

Lami ilitubeba vizuri. Watu wa barabarani waliinuka kutuangalia, na mzee mmoja alinyoosha mkono kutusimamisha anunue mkate. Tulipoacha lami na kuingia mchangani, gari likaanza kuinama kulia, kama mtu mwenye jino bovu anayelaza shavu. Salat alishika usukani kwa mikono miwili. Tukateremka kwenye laga, ule mto usio na maji, na katikati ya mchanga wake tukasikia mlio mkavu, paa! Springi ya nyuma kulia imekatika.

"Toa jeki," Salat akaniambia.

Nikafungua nyuma. Jeki ilikuwa chini ya sanduku la bolti, sanduku chini ya mitungi, mitungi nyuma ya jenereta. Nilirudi mikono mitupu, na sikuhitaji kueleza. Salat aliketi mchangani. Jua lilikuwa juu ya utosi, na mbele yetu, mahali tusipopaona, ngamia walikuwa wamesimama. Alisema polepole, "Safari hii injini haikuchelewa. Nimechelewa mimi."

Amino akateremka, akatikisa mchanga kwenye pindo la nguo, akamtazama.

"Umeniuliza?"

Salat akainua kichwa. Niliona jinsi swali lile lilivyomwingia. "Nakuuliza, habaryar."

"Basi shusheni vyote."

Tulishusha hata misumari. Vifaa vilienea kwenye mchanga kama nyumba inayohama. Amino alipita kati yake, anainua ncha ya kila kitu kidogo tu, anakiachia, anajua uzito wake. Alifanya kwa mikono vile Salat anavyofanya kwa sikio, na hapo ndipo nilipoelewa Salat alijifunzia wapi kusikiliza.

"Wewe Mkamba, sikia. Ngamia ukiweka mzigo ubande moja, hasemi. Anatembea tu. Anatembea mbaka mwisho. Ukifungua mzigo, ndio unaona mgongo imeoza." Akanionyesha kwa kidole. "Hii na hii ni ndugu. Moja huku, moja huku."

Jenereta akaiozesha kwa mashine ya kuchomelea. Benchi tukalifungua bolti tukalihamishia kushoto, likabaki jiliwa kulia kulitazama. Mtungi kwa sanduku, sanduku kwa mtungi, na vyote vizito karibu na ekseli, pale alipopaita kifuani mwa ngamia. Kila jozi aliifunga kwa fundo lake, linaloshika kama mzizi lakini ukivuta ncha moja linafunguka lote.

"Na kitu utatafuta kwanza inaingia mwisho," akasema. "Sisi tukihama, maji mwisho, moto mwisho, mtoto mwisho."

Jeki ikaingia mwisho.

Kabla jeki haijaingia, Salat alikuwa chini ya gari. Alilinyanyua, akatoa springi, akaunga jani lake, lile bamba la chuma lililokatika, kwa kipande cha springi ya lori alichokuwa amebeba, akakibana kwa vyuma nilivyopinda mimi kwenye jiliwa pale pale mchangani. Mgonjwa wa kwanza wa karakana ile akawa karakana yenyewe.

Tulipoondoka, gari lilipanda ukingo wa laga limenyooka. Sijui nikuelezeje. Ni gari lile lile, mzigo ule ule, hata kijiko hakikupungua, lakini lilikuwa jepesi. Amino aliweka kiganja juu ya dashibodi.

"Sasa inatembea," akasema.

Garas Yare tulipaona kwa vumbi. Halafu vumbi likatulia nikaona ngamia. Mimi nimeishi na ngamia barabarani na sokoni, lakini kamwe sikuwahi kuona wengi vile, wamezunguka mabirika makavu, wote kimya. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Wenye ngamia walikuwa wameketi kwa zamu zao, wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma. Maji hayapo na foleni ya maji ipo. Nilishusha sauti bila kuambiwa.

Mahat akatufuata, midomo imepasuka, akautazama ule mchoro ubavuni. "Mmetuletea mikate?"

"Vuta hiyo kamba," Salat akamjibu.

Mahat akavuta ncha moja. Spana zikamjia mkononi, nyuma yake nyundo, nyuma yake waya wa umeme, kila kitu kwa mpangilio wa kutakiwa kwake. Alitazama gari, akamtazama mama yake, akatabasamu kwa uangalifu, kwa ajili ya ile midomo.

Gasketi ya injini ilikuwa imeungua na bolti moja imekatikia ndani. Salat alikata gasketi mpya kwenye bati la shaba, mimi nikaitoboa ile bolti kwa umeme wa jenereta yetu. Jua lilianza kwenda magharibi. Alifunga bolti ya mwisho, akasema bismillahi, akawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akaigusisha bisibisi, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Wachungaji wote walikuwa wamesimama. Aligeuza kitu kidogo sana, hata nisione ni nini, akawasha tena.

Sasa sikiliza. Maji ya kisima kile yako mbali chini, hayafiki juu mara moja. Bomba lilikuwa bado kavu, linatoa pumzi tu. Lakini ngamia waliusikia mlio ule, na vichwa vyote vikainuka kwa pamoja, shingo kwa shingo, kama majani ya mtoni upepo ukipita. Kutoka vichakani zikaanza kulia kengele za mbao zifungwazo shingoni mwa ngamia. Wale waliokuwa wamepotelea huko, ambao wachungaji wao walishawakatia tamaa, wakatokeza mmoja mmoja, wanajikokota, wanaufuata mlio wa injini. Hakuna aliyewaita. Maji yalipofika birikani yalikuta wanaoyangojea.

Wachungaji wakaanza kuimba nyimbo za kunyweshea, na zamu ya Amino ilipofika naye akaimba. Mle nyumbani kwa Salat sikuwahi kumsikia akiimba. Majike wake wakaja, wote aliomwachia Mahat. Walipokuwa wakinywa alipitisha kiganja mgongoni mwa kila mmoja, chini ya nundu, pale kidonda hujificha, taratibu, bila kuruka hata mmoja.

Salat alikuwa ameegemea gari, mikono myeusi. Amino akamaliza jike wa mwisho, akaja mpaka pale, akainama, akapitisha kiganja kile kile, kikiwa bado na maji, juu ya ile springi iliyoungwa.

"Haina kidonda," akasema.