Kila Mtu Ana Dawa ya Gitaa la Lusiana

Ni Ijumaa asubuhi, kwenye kibanda cha fundi pembeni mwa soko la Nachingwea, na Lusiana Bernardo anapiga noti ileile kwa mara ambayo mwenyewe ameshaacha kuihesabu. Gitaa la umeme liko mapajani. Sauti inayotoka kwenye spika ni nyembamba, ya puani, haina tumbo.

"Umesikia?" anamuuliza mwenye kibanda, fundi redio Saburi Mahamudu. "Hilo ni gitaa kweli? Hilo ni mbu!"

Kesho jioni bendi yake inapiga harusini Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Kiongozi wa bendi, Abubakary, ameshamwambia wazi: gitaa lisipopona leo, nyimbo zote zitapigwa kwa kinanda, na yeye abaki nyumbani.

Lusiana, ambaye wengi humwita Mama Richard, ana umri wa miaka 43 na analima korosho na ufuta. Gitaa alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akiipigia kwaya ya kanisa. Mjomba alipougua, chombo kikawa chake, na tangu hapo amepiga solo kwenye sherehe za Nachingwea na Ruangwa.

"Watu wakiniona nimelibeba kwenye bodaboda wanauliza, mama, unampelekea nani?" anasema. "Nawaambia najipelekea mwenyewe."

Taabu ilianza baada ya mavuno ya korosho. Kwenye sherehe moja mlevi alijikwaa kwenye waya, gitaa likaanguka na kunyamaza kimya. Fundi simu mmoja mjini Ruangwa alilifungua, akaunga waya zilizong'oka, nalo likaongea tena.

Bahati mbaya, wiki hiyohiyo bendi ilileta amplifaya mpya. Sauti iliposikika mbovu, lawama zote zikaangukia amplifaya.

Ikarudishwa ya zamani: hola. Zikafungwa nyuzi mpya: hola. Ikaagizwa waya nyingine kutoka Masasi: hola vilevile.

"Mmoja anasema ni vumbi, mwingine anasema unyevu," Lusiana anasimulia, sauti ikipanda. "Abubakary akasema vidole vyangu vimezeeka. Vidole! Mimi huyu ninayebangua korosho kutwa nzima!"

Hata leo kibandani ushauri haujaisha. Muuza vitumbua anapita na kusema spika imelowa. Dereva wa bodaboda anataka gitaa lianikwe juani. Lusiana anawatazama tu, meno ameyauma.

Saburi naye amechoka. Ameipitia kila waya kwa chuma cha moto cha kuungia waya, na alipokaribia kumaliza umeme ukakatika. Unaporudi, anashika kitufe cha sauti.

"Nikibadilishe hiki."

"Fundi, hicho umekibadilisha juzi!"

"Sasa Mama Richard, nifanye nini? Nikiimbie?"

Kisha Saburi, kwa kukosa la kufanya, anaamua kusafisha swichi ndogo iliyo juu ya gitaa. Anakuta imezungushiwa solotepu.

"Hii mbona umeifunga?"

"Imelegea, inajisogeza nikiwa napiga. Nimeifunga katikati miaka mingi. Mimi napiga katikati tu."

Chini ya nyuzi za gitaa hilo kuna vipande viwili vya sumaku vinavyodaka sauti, mafundi huviita pikapu. Swichi ikiwa juu huwasha cha mbele, ikiwa chini huwasha cha nyuma, na ikiwa katikati huwasha vyote viwili.

Saburi anabandua solotepu na kusukuma swichi juu. "Piga."

Sauti inatoka nene, ya moto. Muuza vitumbua anageuka. Saburi anashusha swichi chini: sauti kali, safi. Anairudisha katikati: mbu yuleyule.

Saburi anainama na kufuata waya kwa kidole.

"Huyo fundi simu wako amezipishanisha waya za pikapu ya nyuma," anasema. "Kila moja peke yake ni nzima. Ukiziwasha pamoja, moja inasukuma, nyingine inavuta. Zinauana."

Anazichomoa waya mbili, anazibadilisha nafasi, anaziunga upya. Lusiana anapiga, swichi ikiwa katikati. Gitaa linakijaza kibanda kizima.

Hashangilii. Anaweka gitaa chini na kujifuta uso kwa khanga.

"Miezi yote hii," anasema. "Nimeambiwa mzee, nimeambiwa sijui kupiga, na mimi nikaanza kuamini. Kumbe waya mbili!"

Jumamosi, Narung'ombe, anapiga mpaka wazee wanaacha viti. Baba wa bibi harusi, Bundala, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, anasogea hadi mbele ya spika na kusimama hapo, fimbo begani.

"Dada, hilo linaongea na watu," anamwambia.

Abubakary anainama sikioni mwake. "Si nilisema ni kitu kidogo tu?"

Lusiana anaongeza sauti.

Siku hizi, kila Jumanne, anakwenda kibandani kwa Saburi kujifunza kuunga waya. Ameshaunguza kidole, ameshaharibu redio moja ya mtu, na wamegombana tena. Lakini anasema hatapeleka tena gitaa kwa mtu asiyemjua.

Mpango wake mkubwa ni bendi yake mwenyewe, ya wanawake watupu. Amempata Hadija wa kupiga ngoma na Safina wa kuimba. Mazoezi yataanza uani kwake ufuta ukishavunwa.

"Wimbo wa kwanza ninao, wa Kimwera," anasema. Kisha anamtazama mwandishi wa makala hii, ambaye ni mwanamke, kwa jicho la kupima. "Wa kupiga gitaa la besi ndiye sijampata. Wewe dada, huwezi kujifunza?"