Mbuzi Aliyesubiri Goti Langu

Mbuzi aliletwa asubuhi, kabla sijanywa chai. Nilimsikia akilia nyuma ya nyumba ya baba mdogo, hapa Koboko, na nikajua mara moja kwamba ameletwa kwa ajili yangu.

Kwetu, aliyeumiza na aliyeumizwa wakishakula nyama katika sahani moja, maneno yamekwisha. Hakuna tena kwenda polisi, hakuna kudai. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe nimeshashiba sana kwenye kesi za wengine. Safari hii goti lilikuwa langu.

Nilikuwa abiria tu. Natoka Arua na vitambaa vyangu, nimekaa kiti cha mbele, dereva akaamua kulipita lori la Sudan Kusini kwenye kona. Tulimwambia aende polepole, akacheka. Gari lilipinduka shambani kwa watu, na nilipofumbua macho muhogo ulikuwa umeingia dirishani. Huko hospitali ya Kuluva waliunga mfupa vizuri, lakini goti likakataa kukunjika. Mtaalamu wa mazoezi hakunizungusha: nisiporudi kwake kila wiki kwa miezi mingi, litakauka hivyo hivyo. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Mazoezi na nauli vilingoja fidia ya bima, na bima ilingoja polisi wa Arua waseme kosa lilikuwa la nani. Dereva hakuwa ametoa maelezo. Ndugu zake waliogopa atafungwa, ndiyo maana ya mbuzi.

Adhuhuri walikuwa wameketi mkekani uani, kisu kiko tayari. Dereva aliinamisha kichwa, hakuniangalia hata mara moja. Baba yake alikuwa jeshini pamoja na marehemu baba yangu, na hilo alilitaja kabla salamu hazijaisha. Mimi nilikuwa kwenye kiti mlangoni, mguu umenyooka mbele, kila anayepita anauzunguka.

"Binti yangu," mzee huyo akasema, "sisi nakuja na roho safi. Baba yako na mimi tulikula sahani moja. Kuja, kaa chini na huyu ndugu yako. Tuchinje, mukule, maneno iko kwisha."

Baba mdogo alinitazama. Macho yake yaliniomba nisimwaibishe mbele ya wageni. Nilimwogopa, kusema kweli, kwa sababu ndiye aliyenilea. Lakini hasira ilikuwa imenifika kooni.

Nikachukua magongo, nikaenda hadi ukingo wa mkeka, nikajaribu kuketi. Sikuigiza. Goti liligoma, maumivu yakapanda hadi kiunoni, jasho likanitoka mbele ya wote. Mama wa dereva akaruka kunishika.

"Baba," nikamwambia mzee, "mimi nataka kula. Lakini goti iko namna hii. Musichinje. Siku goti itakunja, nitakaa hapa na huyu, tutakula."

Yule aliyeshika kamba ya mbuzi hakujua amtazame nani. Mzee akamgeukia baba mdogo, na mimi nikafumba macho.

"Iko kweli," baba mdogo akasema taratibu. "Mutu hapana patana kama anasimama."

Dereva akainuka. Nilidhani anakimbia.

"Kesho nakwenda Arua," alisema, bila kumtazama baba yake. "Nitasema mimi nilipita lori vibaya."

Mama yake alilia. Mimi pia nililia, kwa hasira iliyokosa pa kwenda.

Alikwenda, akasema. Walimnyang'anya leseni, na sasa analima kijijini Abuku. Bima walijivuta wanavyojua wao, wakalipa. Mimi nikaenda Kuluva nikakunjwa goti, nikimtukana mtaalamu kwa kila lugha ya huku kwetu West Nile, naye akizidi kukunja. Mbuzi alibaki kwa baba mdogo, akila majani ya muhogo na kuzeeka.

Juzi tulimchinja. Niliketi kwa ubavu, polepole, wote uani wakitazama goti langu. Dereva akasogeza sahani katikati yetu. Nyama ilikuwa ngumu ajabu, tukatafuna mpaka ikaisha.

Nilipotaka kuinuka nilishindwa. Akanipa mkono. Nikauangalia kidogo, kisha nikaushika.