Shomoro Ndani ya Gorogoro ya Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye nyumba za kiwanda pale Thika, mtoto alikuwa landilodi kabla meno ya utotoni hayajamtoka. Siku hizi watu husubiri mpaka wapate ploti Juja na kuijaza vyumba vya wanafunzi ndipo waitwe hivyo. Sisi tulihitaji mkebe mtupu, kipande cha waya na ukuta. Unatundika mkebe chini ya mabati, unarudi nyuma hatua kumi, unakalia jiwe na kusubiri mpangaji. Mpangaji ni shomoro.

Sijui nani aliyeuanzisha mchezo huo. Ninachojua ni kwamba likizo moja ndefu ya mwisho wa mwaka ulituingia kama surua. Mstari wetu wa nyumba kumi na mbili ukajaa mikebe ya kila aina: ya kakao, ya maziwa ya unga, ya rangi, hata birika moja lililotoboka. Asubuhi mvua ikikatika, upepo ukileta harufu ya mananasi yanayopikwa katika kiwanda cha jirani, utatukuta tumejipanga kwenye matope, shingo zimepinda, kimya kama watu walio kanisani. Mama zetu walishangaa. Watoto walewale wasioweza kutulia kwa sala ya chakula walikuwa wametulia kwa ajili ya ndege.

Mkebe wangu ulikuwa wa kakao. Niliutundika upande wa jua kwa sababu huko ndiko watu walikopita, na landilodi gani hataki nyumba yake ionekane? Kufikia saa sita mchana ungeweza kukaanga yai humo. Shomoro walikuja, wakachungulia, wakaenda zao. Wakahamia kwa Akinyi, rafiki yangu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye mkebe wake ulikuwa wa rangi na bado ulinuka rangi.

"Wangu wamehamia na fanicha," Akinyi akaniambia. "Wako hata hawajaja kuangalia."

"Wanakuja."

"Waje wafanye nini? Hiyo si nyumba, hiyo ni jiko."

Baadaye chuo kikuu kilinifundisha maneno marefu ya kueleza hali niliyokuwa nayo. Wakati ule nililijua moja tu, wivu, na lilinitosha.

Ilitokea kwamba Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Murang'a kumuuguza shosho, mama yake mzazi, aliyeanguka na kuumia nyonga, na angekaa huko majuma mawili. Biashara yake ya mahindi na maharagwe sokoni ilikuwa imesimama, na juu ya gunia pale pembeni ikakaa gorogoro yake, tupu, haina kazi. Wa rika langu hamhitaji kuelezwa gorogoro, lakini huenda kijana amechungulia hapa kwa bahati mbaya, basi nieleze. Ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ambao, mafuta yakiisha, ulianza maisha mapya kama kipimo cha nafaka. Na kila aliyenunua nafaka alijua ujanja wake. Muuzaji akikipiga kitako ngumi kutoka nje, kinabonyea ndani, na kila kipimo kinapungua kiganja kizima bila jicho kuona.

Gorogoro ya Mama ilikuwa na kitako bapa kama meza. Kabla ya kupima aliigeuza mbele ya mteja na kusema, "Gonga mwenyewe." Wageni waligonga. Wateja wa siku nyingi walicheka tu na kufungua mifuko. Hakuwa na kibanda kizuri wala bei ya chini kuliko wenzake. Alikuwa na kitako cha gorogoro, na hicho ndicho kilichokuwa jina lake.

Hayo yote niliyajua. Niliichukua hata hivyo. Niliitundika nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, imelala kwa ubavu, nikaziba nusu ya mdomo wake kwa kipande cha ubao. Nilijiapia kwamba ni kwa siku mbili tatu tu, nimnyamazishe Akinyi, kisha niirudishe.

Jamani, wapangaji walikuja mchana uleule! Dume lilitangulia, lenye kichwa cha rangi ya kutu, likasimama mlangoni na kuangalia huku na huku kama mtu anayekagua mifereji. Jike likafuata. Kesho yake wakaanza kubeba: nyasi, manyoya ya kuku wa jirani, na nyuzi. Kiwanda alichofanyia kazi Baba kilikuwa cha nguo, na nyuzi zilizotupwa zilizagaa kila mahali, kwa hiyo shomoro wangu walijenga kwa nyekundu, manjano na buluu. Nilikimbia mstari mzima nikipiga kelele, "Wamehamia! Wamehamia!" Watoto wakaja mbio. Akinyi akaja pia, akaangalia juu, kisha akaniangalia mimi.

"Si hiyo ni gorogoro ya mamako?"

"Ni ya muda tu."

"Haiya. Atakuua."

Mama alirudi Jumapili jioni. Nilipomwona akishuka kwenye barabara ya vumbi na kikapu chake, nilizunguka nyuma na kigoda, nikapanda, nikatia mkono niitoe ile nyasi upesi. Vidole vyangu vikagusa mayai. Yalikuwa na joto. Nikashuka, nikarudisha kigoda jikoni, nikaenda kumpokea Mama kikapu. Mpango wangu haukuwa na sehemu ya mayai.

Asubuhi nyumba ilipinduliwa.

"Gorogoro yangu iko wapi?"

Baba, aliyekuwa ndio anaingia kutoka zamu ya usiku, alisema yeye hapimi kitu akaenda kulala. Mimi nilikuwa nasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Mama alitafuta mpaka akachelewa, akaondoka bila kunywa chai. Sokoni aliazima gorogoro ya Mama Shiro, jirani yake wa kibanda, na kwa haraka hakuigeuza.

Kilichotokea huko nilielezwa na Akinyi, maana mteja wa kwanza alikuwa mama yake. Mama Akinyi alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuzidi mashine za kiwandani, na alikuwa ameacha kuigonga gorogoro ya Mama miaka mingi. Siku hiyo aliona mkebe mgeni. Aliugeuza mwenyewe. Ngumi ya mtu mzima ingetoshea kwenye lile bonyeo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Akinyi. Alisema tu, "Mama Wanjiku, hata wewe?" akaacha maharagwe pale pale juu ya gunia, akaenda. Kufikia saa kumi habari ilikuwa imefika kwenye bomba la maji, na ikifika kwenye bomba imefika kila mahali.

Mama alirudi na gunia likiwa karibu kama lilivyotoka. Aliketi bila kufungua kitambaa cha kichwa. Nilimsikia akimwambia Baba polepole, "Miaka yote hiyo, imekwisha kwa asubuhi moja."

Akinyi alinisubiri nje. Kwa mara ya kwanza likizo ile hakuwa na utani.

"Mamangu anasema hatanunua kwenu tena. Sema wewe, ama niseme mimi."

Nilisema. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba nilianza na shosho na nyonga yake, nikazungukia kwa jua na mkebe wa kakao, na Mama akanikatiza: "Wanjiku. Iko wapi?"

Jua lilikuwa bado halijashuka. Mama alipanda kigoda akatia mkono. Jike likachomoka likampita sikioni. "Ngai!" Mama akapepesuka, lakini mkono hakuutoa. Aliuacha mle ndani muda mrefu.

"Ni manne," akasema mwishoni. Kisha, kama anayejiambia mwenyewe, "Yana joto kweli."

Akashuka, akanichapa kofi moja la haki, lenye kitako bapa. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo kwetu ni sheria: "Aliye kwenye uzazi hahamishwi."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe Mama alifunga leso yake vizuri, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Mama Akinyi. "Njoo uone kipimo changu kiko wapi." Mama Akinyi akaja, na nyuma yake akaja kila mtu aliyekuwa bombani. Alipanda kigoda, kikalia. Akaangalia nyasi, nyuzi, yale manyoya. Akanyoosha kidole, akagonga kitako cha gorogoro taratibu, ko ko, kama mtu anayebisha hodi kwa mzazi.

"Ni bapa," akawatangazia watu.

"Sema tena, waliosimama nyuma hawajasikia," Mama akasema.

"Ni bapa! Bapa kabisa! Na huyu mzazi apelekewe njahi!"

Njahi ni yale maharagwe meusi anayopikiwa mwanamke aliyejifungua, na watu walicheka mpaka Baba akaamka. Sijapata kuona kicheko kikimrudishia mtu uso wake namna ile.

Ikabaki shida ya kipimo. Mama hakuwa na mkebe mwingine wa kilo mbili, na shomoro hawaharakishwi. Mama Shiro alikuwa anaapa kwamba gorogoro yake ilianguka tu. "Ilianguka juu ya ngumi," Mama Akinyi akamjibu. Hata hivyo Mama Shiro aliendelea kutuazima, maana kutunyima kungekuwa kukiri kosa. Basi Mama akaamua kwamba kwa kila gorogoro kutaongezwa kiganja kimoja kufidia lile bonyeo, na kiganja hicho kitakuwa changu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta wapangaji. Nilisimama sokoni likizo yote iliyobaki nikiongeza. Wateja wakakipa jina: "ya ndege".

"Mama Wanjiku, nipimie mbili, na ya ndege."

Mama Akinyi ndiye aliyenisumbua kuliko wote. "Huo ni mkono ama mdomo wa shomoro? Chota, mtoto, chota!"

Na kila aliyenunua aliuliza habari. Wameangua? Wote? Baba yao anawalisha? Nilikuwa mtu mkubwa. Siku vifaranga walipotoka niliitangaza sokoni, na mwanamke mmoja wa sukuma wiki akanipa ndizi kana kwamba nimejifungua mimi.

Waliruka asubuhi ya kufunguliwa shule. Nilikuwa tayari nimevaa sare, soksi zimevutwa mpaka magotini, na Mama alikuwa na gunia lake mlangoni. Mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne akasimama ukingoni, akaangalia chini, akabadili mawazo. Kengele ya shule ikalia kwa mbali. "Nenda," Mama akaniambia, lakini yeye mwenyewe hakuondoka, na mimi sikuondoka. Yule mdogo akajitupa, akagonga kamba ya nguo, akaning'inia kwenye ovaroli ya Baba akipiga kelele, kisha akapata mabawa yake akapanda juu ya mabati. Tulipiga makofi. Nilifika shule nimechelewa, nikachapwa, na fimbo zile sikuzihisi.

Mama aliiosha gorogoro kwa majivu na maji yanayochemka, akaipeleka sokoni. Jioni nilimkuta akipima, kitako bapa, kipimo kamili. Mama Akinyi alikuwa bado ameuacha wazi mfuko wake.

"Na ya ndege?"

"Ndege wameruka," Mama akasema.

"Wameruka wao. Sisi tuko."

Mama alimwangalia. Kisha akacheka, akachota kwa mkono wake mwenyewe, mkubwa kuliko wangu mara mbili, akaongeza. Aliendelea kuongeza mpaka siku alipoacha biashara.

Leo ninaishi Ruiru, nina ua mdogo nyuma ya nyumba na vijumba vitatu vya ndege nilivyochongewa na fundi, vya mbao nzuri, kwenye kivuli. Nimejifunza, ingawa kwa kuchelewa. Wiki hii shomoro wameingia kimoja. Nilipomwona dume mlangoni nilisahau umri wangu na miwani yangu, nikapiga kelele, "Wamehamia!" Kijana wa ploti ya jirani, mwanafunzi, akachungulia juu ya ukuta.

"Niaje, auntie, kuna wezi?"

"Ni shomoro!"

"Aah. Poa." Akarudi kwenye simu yake.

Binti yangu naye yuko sebuleni, anafuatilia kwa simu kiota cha bundi wa nchi sijui gani, chenye kamera ndani na watu elfu wakitazama pamoja naye. Nilimwita atoke aone wetu. "Mum, hao ni shomoro tu," akasema, kwa upole, kama anayenipa habari za msiba. Simlaumu. Bundi wake wanaonekana vizuri, wala hahitaji kukanyaga matope.

Asubuhi hii nilikwenda dukani kununua maharagwe. Yako kwenye pakiti, yamefungwa, uzito umechapwa mbele, na nina hakika ni sahihi. Hakuna anayenipunja siku hizi. Nilirudi nyumbani nikayamimina kwenye sufuria, kilo mbili kamili, nikasimama pale na mfuko mtupu mkononi, nikingoja kidogo ile ya ndege.