Muasi wa Sebuleni kwa Bibi

Juzi nilipita Edgware Road, hapa London, nikamwona pichani, dirishani mwa duka la fremu: yule bwana mkubwa wa Kiingereza aliyemwasi mfalme wake. Kola ya lesi, mkono kiunoni, anakutazama kama wewe ndiye uliyemchelewesha. Nakala mpya ya mchoro wake wa kale, inang'aa. Nikasimama palepale kwa hasira, watu wananipita.

Maana nimekulia chini ya macho yale, ndugu yangu. Nakala ya Bibi ilitundikwa juu ya kochi, nyumbani kwake Hounslow, kando ya uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka. Aliinunua duka la mitumba kwa sababu ya fremu tu. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetuambia kwamba mtu yule aligoma kumpigia magoti mfalme, akakatwa kichwa. Bibi, aliyeshinda akisugua vyoo vya uwanja wa ndege na kuitikia kila msimamizi, alimpenda tangu siku hiyo. Akirudi kazini, koti hajavua, humwambia, "Wewe uliweza, bwana."

Lakini Bibi hakuwa akisali mbele ya sura ya mtu. Saa ya ukutani ikiadhini, kazi yangu ilikuwa kupanda kochi na kumfunika kwa kanga. "Mfunike mgeni wetu," husema, mikono bado inanukia iliki ya vitumbua. Tukishasali namfunua, tunakunywa chai. Niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote.

Alipougua, aliniambia mbele ya Ami, mdogo wake baba, kwamba picha ni yangu. Ami akaitikia vizuri tu. Tulipokwisha kumzika nikaenda kuichukua, nikakuta alama nyeupe ukutani. Ami kaitupa, na gari la taka limeshapita.

Nikampigia simu. "Malaika hawaingii nyumba yenye sura za watu," akasema. "Karatasi tu ile, mwanangu. Nyengine zinauzwa kila pahala."

Nikamkatiza. "Mamako kasali chumba kile miaka yote, Ami. Hao malaika walikuwa wakimpita yeye wanakwenda kwa nani?"

Akakata simu.

Nyumba imerudi kaunsili, serikali ya mtaa iliyompangisha Bibi, kochi limekwenda, na siku hizi nasali bila kufunika kitu. Ami tukikutana harusini hunyoosha mkono. Sijaupokea, na sitaupokea mpaka aseme kwa kinywa chake kwamba sala za mama yake zilifika.