Siku Nilipomng'arishia Babu Saa Yake

Jamani, aibu mimi nazijua (niliwahi kuanguka na sinia la pilau mbele ya wakwe, nikainuka nikaendelea kugawa kilichobaki), lakini ya siku ile kijijini kwetu Gulwe, ya kuitwa mwizi mbele ya mchungaji, kwaya na ukoo mzima, tena kwa kipaza sauti nilichokuwa nimekishika mwenyewe, ile ilinimaliza. Na niliitafuta. Niliitafuta kwa maneno mawili niliyoyasema nimesimama juani mjini huku natafuna karanga: "Safisha yote."

Saa yenyewe ni ya Babu Chedego, baba yake baba yangu. Ujanani alikuwa kibarua wa reli pale Gulwe, na wenyeji mnaujua mto wetu ukijaa, tuta la reli linaondoka kama uji, basi asubuhi moja mvua imekesha Babu akaona reli inaning'inia hewani, akaingia kwenye maji ya kifuani, akatokea ng'ambo ya pili akivua shati na kulipunga mpaka treni ya abiria ikasimama. Ndani alikuwamo mhandisi wa Kizungu. Alishuka, akaangalia lile pengo, akavua saa yake ya mkononi, ya dhahabu, ya Uswisi, ile ya kutia ufunguo kwa vidole, akamfunga Babu. Na Babu kwa furaha kesho yake akarudi nayo majini kujaza tuta! Maji yakaingia, likabaki doa la kahawia kwenye uso wa saa, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Halafu kwa kuwa Mgogo ni Mgogo, akaichora mgongoni kwa msumari alama anayowakata ng'ombe wake masikioni, mikato miwili na mstari, maana mali isiyo na alama ni ya anayeiokota.

Miaka mingi ilikuwa imesimama. Krismasi iliyopita akanikabidhi akaniambia, "Mchumba (ndivyo anavyoniita, ndio utani wetu), hebu itafutie fundi. Nataka niisikie ikitembea kabla sijaondoka." Hakusema kingine. Angesema kingine, leo nisingekuwa na kisa.

Baba mdogo Elia alitaka iuzwe, aliona mtandaoni watu wanavyozigombania saa za namna ile. Nikawaka kwenye kundi letu la ukoo: "Saa ya Babu HAIUZWI. Subirini siku ya shukrani ya miaka yake tisini, mtashangaa!" (Nilikuwa sahihi kwa hilo, walishangaa.)

Fundi nilimpata mjini, Mzee Salimu, mtu wa Kondoa, anakaa kibarazani mwa duka la vitambaa na kioo chake jichoni. Akaifungua, akasema, "Dada, mashine nzima hii. Mafuta yamekauka tu. Ila chagua: hiyo mashine nitaisafisha, lakini uso na mgongo nakushauri tuviache. Saa ya zamani ukiifuta makovu umeifuta na jina. Hata hao wanaozitafuta, wanautaka uso wake wa kwanza."

Mimi sasa, mjuaji, nikamwona Babu na suti mpya siku ya kutimiza miaka tisini, halafu mkononi ana saa yenye doa kama mtu kaimwagia mlenda. Haiwezekani. Nikasema, "Safisha yote, mzee wangu. Uso weka mwingine. Huo tupa."

Mzee Salimu akaniangalia juu ya kioo chake, akasema, "Haya, saa ni yenu." Niliporudi kuichukua ilikuwa inawaka! Mgongoni unajitazama kama kwenye kioo cha saluni, uso mweupe pee. Nikafurahi mpaka nikamwalika Mzee Salimu kwenye sherehe, ili nimsifie mbele za watu (kumbe mimi ndiye niliyetaka kusifiwa, yeye awe shahidi).

Siku ikafika. Ibada ikaisha, tukahamia uani kwa Babu, turubai limefungwa, ugali wa uwele na nyama vinanukia, kwaya inaimba, na mimi na gauni langu nikachukua kipaza sauti. Nilihutubia, ndugu zangu! Niliongea habari za kuthamini wazee mpaka mchungaji akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha nikamwekea Babu kikasha magotini, nikamsogezea kipaza sauti ili watu wasikie baraka.

Babu akaitoa. Hakuitazama sana, macho yake yamechoka. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili, taratibu, kama anatafuta kitu gizani.

"Nyemo."

Aliniita jina langu, hakusema mchumba.

"Saa yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Babu."

"Hii si yangu. Ng'ombe wangu apotee, mniletee mwingine masikio mazima, nimpokee?"

Uwanja mzima ukasikia, maana kipaza sauti bado nilikuwa nimemshikilia mdomoni. Mama mmoja wa kwaya akaachia "Uuuwi!" Baba mdogo Elia akasimama na mfupa mkononi: "Nilisema! Kwenye kundi tunaambiwa haiuzwi, kumbe imeshauzwa! Vigae vipya vya barazani kwake kule mjini, Kikuyu, vimetoka wapi?" (Vigae ni zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa na wenzangu wa kazini, lakini nani angesikiliza?) Mimi kwa kuchanganyikiwa nikatoa simu, nikawaonyesha picha ya saa kabla ya kupelekwa kwa fundi, nikidhani najitetea. Simu ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeitazama akasema, "Kweli, si yenyewe." Nilikuwa nimejifunga kwa ushahidi wangu mwenyewe. Mama yangu akajifunika khanga usoni. Sikuogopa wao, nilimwogopa Babu, kwa sababu alikuwa hana hasira, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa msiba. Nikalia, na kipaza sauti kikalia na mimi.

Ndipo Mzee Salimu akainuka nyuma kabisa, akapangusa kanzu, akaja mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye fundi niliyeifuta."

Akatoa bahasha mfukoni, ndani yake karatasi, ndani ya karatasi ule uso wa zamani na doa lake. "Aliniambia nitupe. Mimi cha mtu situpi." Babu akausogeza karibu na jicho, lakini baba mdogo hakukubali: "Huo uso tu! Mwili wenyewe uko wapi?"

Babu akanyoosha mkono kumzuia. "Fundi, fungua mgongo. Tazama ndani ya mfuniko."

Mzee Salimu akaufungua kwa kisu chake kidogo, akaweka kioo jichoni. "Ipo," akasema. "Mikato miwili na mstari. Midogo. Nje niling'arisha, ndani hatugusi."

Babu akacheka, kile kicheko chake cha meno mawili. "Sikio mwizi hulikata upya. Mfugaji wa kweli ana alama ya pili, na haijui mtu." Akaipeleka saa sikioni, akafumba macho. Halafu mwenyewe, mzee wa miaka tisini, akaninyang'anya kipaza sauti akakibandika kwenye saa, na kwenye maspika yale makubwa ya kwaya ikasikika: tiki, tiki, tiki, tiki. Hata watoto wakasogea kusikiliza. "Inatembea," akasema Babu, machozi yanamtoka. Baba mdogo Elia akakaa, akaomba aongezewe mchuzi.

Mchana ule ule, mkekani, Mzee Salimu akaurudisha uso wa zamani na doa lake, mashine ikabaki safi. Ukabaki mgongo mtupu. Babu akaniita, akanipa msumari.

"Aliyefuta ndiye atakayechora."

Nikachora mbele ya ukoo wote, mstari ukaenda upande kama umechorwa na mlevi. Babu akapitisha kidole gumba, akagusa pale ulipopinda, nikangoja anitukane.

"Umekwenda kombo," akasema. "Sawa. Sasa nitajua na wewe umo, mchumba."

Gulwe wananiita Mama Ng'arisha mpaka leo, na nimeitika. Ila nimeapa: kitu cha mzee nikikikuta na doa, nauliza kwanza doa limetoka wapi, kitambaa baadaye. Na kila Jumapili baada ya ibada simu yangu inaita, napokea, nasema shikamoo Babu, hajibu. Nasikia tiki, tiki, tiki, halafu anakata.